Beti Kumi na Mbili za Kivukoni

Edinburgh, 14 Oktoba 1788

Mjomba Dand,

Shikamoo. Nimeanza nayo mapema ili usiseme tena kwamba mji umenila adabu. Mama anakusalimu. Goti lake linatabiri mvua vizuri kuliko kalenda ya wanajimu, na kwa kuwa huku mvua hainyeshi bali inaishi, goti halipati mapumziko. Bado tuko ghorofa ya sita, na maji bado yako chini.

Najua nikisalimia vizuri unajua nina shida. Nataka wimbo.

Bwana Mowat, ambaye miaka tisa sasa namchongea noti za muziki kwenye mabamba ya bati ya kuchapia, anatoa kitabu cha tatu cha nyimbo za kale za Uskoti na Uingereza. Viwili vya kwanza vimeingia kila nyumba yenye kinanda na binti. Sasa nyimbo zimekwisha. Watu hawajaacha kuimba, ila wachapaji wote wanachimba shimo moja. Huyu kamwibia yule, yule kamwibia marehemu, na kila mmoja anaandika mbele: "Haujapata kuchapwa." Juzi nimechonga wimbo "wa kale mno" ambao mtunzi wake nilimwona Jumanne anakula chaza.

Bwana Mowat ameahidi hivi: nikileta wimbo mmoja wa kweli, mrefu, ambao hakuna kitabu kilichoupata, ukurasa wa kwanza utasema *Umekusanywa na Ninian Veitch*. Mjomba, nimechonga majina ya watu wengine kinyumenyume mpaka langu naliona geni. Silali vizuri, sikai vizuri. Natembea chumbani hadi jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio.

Wewe ni mwongoza zaburi wa bonde zima. Usiniambie hakuna bibi kizee aliyekuimbia kitu. Andika kabla ya Novemba kwisha.

Mpwa wako,
Ninian


Langhope, 5 Novemba 1788

Mpwa wangu Ninian,

Marahaba. Tuko wazima. Ng'ombe mwekundu ameingizwa zizini kwa majira ya baridi na ana uso wa mtu aliyedhulumiwa mirathi. Shule imefunguliwa. Kila mtoto anakuja na kipande chake cha mboji kavu kwa ajili ya moto, na nimechunguza nikagundua kwamba mwenye kipande kidogo kuliko vyote ndiye anayekaa karibu na moto kuliko wote. Mzee Gavin Tait, mwenye kinu cha maji cha kusaga unga, amemnunulia binti yake kinanda. Kililetwa na mkokoteni wa unga, na hadi leo kikipigwa kinatoa vumbi.

Kuhusu wimbo: sina.

Jumapili nasimama kwenye dawati na kuwaongoza watu katika zaburi. Alhamisi jioni nawafundisha watu wazima ishirini namna ya kunifuata Jumapili. Basi. Hizo nyimbo zako ziko kwa wanawake wanaokamua kondoo, na wao wakiona kalamu wanakumbuka kwamba wana kazi nyingine. Tena usisahau nakaa wapi. Nyumba hii, shule hii na dawati la zaburi ni funguo tatu katika pete moja, na pete iko mfukoni mwa baraza la wazee wa kanisa. Mtu wa namna hiyo hana nyimbo.

Hob mchukuzi atamletea mama yako jibini. Ailinde na panya wa ghorofani.

Mjomba wako,
Dand Haswell


Edinburgh, 2 Desemba 1788

Mjomba mjanja wewe,

Shikamoo, mara mbili. Jibini imefika. Mama alilia kidogo, akala sana, na goti likasahauliwa siku nzima.

Ati huna wimbo! Huna wimbo, halafu unaufanya karatasi ya kufungia jibini! Mama akaniambia, "Tupa hilo karatasi, linanuka." Nikamwambia, "Mama, kaa hivyo hivyo, usipumue." Beti kumi na mbili, mwandiko wako, pande zote mbili za karatasi, nyingine zimeegemea pembeni, moja iko kichwa chini. Nikaelewa. Mjomba hataki kutoa, na roho yake haiwezi kunyima.

Nimekaa nazo siku tatu. Kila ubeti peke yake ni kitu kidogo tu: jua, kiatu kilicholowa, mbwa anayebweka ng'ambo. Lakini nilipozipanga, Mjomba, nilisimama wima. Kuna mwanamume anamngoja mwanamke kivukoni, siku ya gulio la Agosti. Wamekubaliana watoroke.

Jua lilizama kwetu,
nami nikangoja;
aliyeapa kwa jina
hakutoa hoja.

Haji. Baadaye jamaa anasikia kwamba ameolewa kinuni, na mwisho anaimba hivi:

Gurudumu lageuka,
unga unamwagwa;
moyo wa aliyengoja
nao unasagwa.

Mizani nane, sita, nane, sita, kama nyimbo zote za kale za mpakani. Nilimsomea Bwana Mowat. Akavua miwani. "Veitch," akasema, "huu una miaka mia mbili." Nikamjibu, "Mia na hamsini, bwana," maana sikutaka kutia chumvi.

Nimeupa mahadhi ya kale ya huzuni yaliyokuwa yamekaa bila kazi. Bamba limekwisha kuchongwa, na jina langu liko pale. Sasa niambie: ni nani alikuimbia? Na huyo mwanamke wa kivukoni alikuwa nani?

Mpwa wako asiyetulia,
Ninian


Langhope, 11 Januari 1789

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa mwezi mzima na zaidi chini ya theluji pamoja na Hob, ambaye alikwama katika nyumba ya wageni ya mlimani na, kwa jinsi wanavyosimulia, hakuomba kuokolewa. Mwaka mpya umetukuta salama. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti changu alikuwa mwanamume mwenye nywele nyeusi na mkono wenye mkate, kwa hiyo, kwa desturi yetu, bahati ya mwaka ilikuwa imehakikishwa. Wa pili alikuwa Hob na barua yako.

Simamisha bamba hilo.

Karatasi ile ilikuwa karatasi ya jibini. Haikuwa na hila yoyote. Sikuwa na nyingine. Sikiliza, maana uliondoka hapa ukiwa na miaka minne, na huko mjini mnafanya mazoezi kwa majina ya noti, fa na sol na la, kama mbuzi waliosoma. Sisi huku, maneno ya zaburi ni maneno ya Mungu. Hayarudiwi mara sita siku ya Alhamisi wakati Wat mhunzi anatafuta noti na mbwa wake anajikuna. Jumapili ndiyo siku yake. Kwa hiyo kwenye mazoezi mwongoza zaburi anaweka maneno ya kawaida yenye urefu ule ule, watu wayachafue hayo. Zaburi ni nane, sita, nane, sita. Nyimbo zako za kale nazo hivyo hivyo. Ndiyo maana hukuona tofauti. Hata bibi yako asingeiona.

Mahadhi yetu ni kumi na mawili. Nilitunga beti kumi na mbili, kila mahadhi na ubeti wake, nikiwa kijana. Miaka kumi na minane zinaimbwa Alhamisi, leo mbili, wiki ijayo tatu, bila mpango, na watu wanasikiliza noti, hawasikilizi maneno. Hakuna aliyepata kuziunga. Wewe umezipanga mstari kama askari na kuzipigia tarumbeta.

Mchungaji wetu amejiandikisha kununua kitabu. Binti wa Mzee Tait pia, kwa ajili ya kinanda. Mzee Tait ndiye mkubwa wa baraza. Na bonde hili, Ninian, lina kinu kimoja.

Umeuliza mwanamke alikuwa nani. Ng'ombe mwekundu amepona kwato.

Mjomba wako,
Dand


Edinburgh, 3 Februari 1789

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, ila ana shingo ngumu kwa kuangalia ukutani, ambako amebandika ukurasa wa kwanza wa kitabu. Kila anayepanda kuomba chumvi anasomewa jina langu. Hajui kusoma, analijua kwa mahali lilipo.

Sasa umeshaelewa. Barua yako imefika tarehe mosi. Vitabu viliondoka tarehe ishirini ya mwezi uliopita, na vya upande wenu vilitangulia kwa sababu ya barabara.

Usinikasirikie peke yangu. Nilikuuliza mara mbili. Kama ungesema neno moja! Na sasa nitasema jambo ambalo utalikataa: ni wimbo mzuri kuliko zote mle ndani. Bwana mmoja wa mahakamani aliomba aimbiwe mara ya pili na akajifanya ana mafua. Wachuuzi wa karatasi za nyimbo wanauimba kwenye ngazi yetu. Ulikuwa wapi siku zote, Mjomba? Mtu anayeweza kutunga hivi anawafundisha wahunzi kufungua midomo?

Hujataja jina, kwa hiyo nani atajua? Vinu viko tele nchini. Andika upesi. Nimeanza tena kutembea, na jirani amenunua ufagio mpya.

Ninian


Langhope, 19 Februari 1789

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua, matope, kikohozi. Kondoo wawili wa mchungaji wamekufa. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Kitabu kilifika kinuni Jumamosi. Binti wa Tait alikaa kwenye kinanda akaimba wimbo wako mwanzo hadi mwisho. Mjakazi wao ameeleza kwenye kila kisima. Anasema mama mtu, Euphan, alitoka jikoni mikono ina unga, akasimama mlangoni hadi ubeti wa mwisho, akarudi jikoni. Baba mtu akauliza, "Kinu gani hicho?" Akaomba uimbwe tena, polepole.

Jumatatu alikuja shuleni, kitabu kwapani. Nikawatoa watoto nje.

"Dand, ni wewe?"

"Ni mimi nini?"

"Usinifanyie ualimu. Haya ni maneno ya Alhamisi."

"Kitabu kinasema ni ya kale, Mzee Tait."

"Kitabu kinasema yamekusanywa na Veitch. Veitch si mtoto wa dada yako?"

"Ndiye."

"Basi mimi mjinga, lakini si kiasi hicho." Akaketi kwenye benchi la watoto wa darasa la kwanza, magoti yamemfika kidevuni, na ningecheka kama ingekuwa siku nyingine. "Ulianza kutuimbisha haya baada ya gulio la Agosti, mwaka wa sabini," akasema. "Euphan alinikubali masika yaliyofuata. Nilidhani ni kwa sababu ya tabia yangu."

Akainuka akaenda zake. Baraza la wazee litakaa tarehe kumi na mbili Machi. Shtaka ni kumkashifu mke wa mzee wa kanisa kwa nyimbo, tena ndani ya mazoezi ya zaburi. Wakiniona na hatia, pete nzima inakwenda: dawati, shule, nyumba. Nina miaka arobaini na saba na sijui kufuma nguo.

Usifanye lolote. Narudia kwa kuwa nakujua: usifanye lolote.

Dand


Edinburgh, 4 Machi 1789

Mjomba,

Shikamoo. Leo salamu ni hiyo tu, maana mama hasemi nami, kwa hiyo sina cha kuleta kutoka kwake.

Nimefanya.

Nimemwandikia mchungaji wenu kwamba beti zote kumi na mbili nimezitunga mimi, hapa, kwa tamaa ya jina. Kwamba wewe hukunipa kitu zaidi ya jibini. Kuhusu maneno ya Alhamisi nimesema nilikuwa nimesikia mawili matatu utotoni nikayadokoa. Ni uongo ulioshonwa vizuri. Lakini nikajua mchungaji atamwandikia Bwana Mowat kuhakikisha, hivyo ikanibidi nimuungamie Bwana Mowat kwanza.

Alikuwa anakata kucha. "Umetunga?" akasema. "Wote?"

"Wote, bwana."

"Veitch, unajua mkusanyaji anayetunga anafanana na nani? Muuza maziwa mwenye kisima."

"Lakini bwana, yule wa chaza..."

"Yule hajakiri!" Akatupa mkasi. "Wote wanatunga, mpumbavu wewe. Kosa ni kukiri! Sasa watanunua cha nani, cha kwangu chenye mwongo anayejulikana, au cha jirani chenye waongo wasiojulikana?"

Hakunifukuza, mikono yangu anaihitaji. Aliniambia nilifute jina mwenyewe. Bamba linalazwa kifudifudi, unaligonga kwa nyuma hadi mahali pa herufi painuke, kisha unageuza na kukwangua mpaka pawe laini. Nilianza na V. Nilidhani itachukua asubuhi nzima. Ilichukua muda wa kunywa bakuli la uji. Toleo la pili halitakuwa na jina la mtu.

Mama aliposikia, aliuondoa ukurasa ukutani, akaukunja, akauweka kwenye Biblia yake, akahamia upande wa dirishani. Ananipa chakula kwa kusukuma sahani.

Sijutii. Hapana, najuta, lakini nimeshafanya. Niandikie matokeo siku ile ile, hata kama ni mabaya. Hata kama umenikasirikia. Siwezi kukaa.

Ninian


Langhope, 14 Machi 1789

Mpwa wangu Ninian,

Marahaba. Mwambie dada yangu nimesema aseme nawe tena, na kwamba kaka yake hajawahi kumwomba kitu tangu walipogawana kitanda cha marehemu baba.

Barua yako kwa mchungaji ilifika asubuhi ya baraza, mikononi mwa Hob, ambaye alisimama kwanza kwa mhunzi kufunga kiatu cha farasi, kisha kwingine ambako hakuna farasi. Mimi nikaitwa ndani, na kwa kuwa sikujua habari zako, nilisimama nikasema kweli. "Maneno ni yangu, yote kumi na mawili." Wazee wanne na mchungaji wakaandika. Kalamu haijakauka, Hob akagonga mlango.

Mchungaji akasoma. Akasoma tena. "Hapa kuna mwingine anayesema ni yake."

"Anasema uongo," nikasema.

"Anasema wewe utasema hivyo," mchungaji akajibu.

Wat mhunzi, ambaye mwaka huu ni mzee wa kanisa, Mungu atusaidie, akasema, "Mimi nimeona wezi wakimkana mbuzi. Sijaona wakimgombania."

Mzee Tait hakucheka. Alisema hajali nani katunga. Anataka kujua kama ni kweli. Mkewe alikuwa ameitwa kama shahidi. Akaingizwa, amevaa shali yake ya Jumapili. "Aseme mbele ya wote," Tait akasema, "kama kuna mtu alimngoja kivukoni."

Euphan akamgeukia. "Gavin," akasema, "ubeti wa gurudumu umeuimba miaka kumi na minane, kwenye safu ya sauti nzito, ubavuni mwa Wat. Ulikuwa unaupenda kuliko yote. Ulikuwa unauimba asubuhi ukifungulia kinu maji. Leo ndiyo umesikia maneno?"

Wat akaanza kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mchungaji akainua mkono, akawataka wazee ambao hawajapata kuimba beti hizo wainue yao. Hakuna aliyeinua mkono, na yeye mwenyewe akashusha wake.

Hukumu ni hii. Hawawezi kumfukuza mtu nyumbani kwa wimbo wenye watunzi wawili. Hilo ni lako, na nalala chini ya paa hili kwa sababu yako, ingawa nilikukataza. Shule na nyumba vimebaki. Dawati wamelichukua. Jumapili zaburi zitaongozwa na Mzee Tait, kwa kuwa ndiye aliyebaki mwenye sauti, na Alhamisi itakuwa fa na sol na la. Mimi nitakaa na safu ya sauti nzito, mahali alipokuwa yeye.

Ningeweza kuishia hapa. Kwa miezi mitano nimekuwa nikikuandikia habari za ng'ombe. Lakini umelipoteza jina lako kwa ajili ya jambo ambalo sikutaka kukuambia, na sasa nami nimegundua kwamba sikulijua.

Tulipotoka, Tait alikuwa amebaki ndani kukabidhiwa kitabu cha mahadhi. Euphan alikuwa nje mlangoni anafunga shali. Nikavua kofia nipite.

"Nilikuja, Dand," akasema.

"Wapi?"

"Wapi! Mto ulikuwa umejaa, nikazunguka kwa daraja la mbali. Nilipofika ulikuwa umekwenda. Majani yalikuwa yamelala mahali ulipoketi."

"Nilingoja mpaka jua likazama."

"Najua. Nimeliimba."

Nikamuuliza, nadhani kwa sauti kubwa kuliko ilivyopasa, kwa nini hakuniambia.

"Alhamisi ile ile nilikuja mazoezini nikuambie. Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima. Ukasimama, hukututazama, ukatugawia ubeti mpya, ule wa jua, tuushike." Akamalizia fundo la shali. "Nikaushika."

Mumewe akatoka, wakaenda zao kinuni, kitabu cha mahadhi chini ya mkono wake.

Kwa hiyo, Ninian, ulikuwa sahihi kwamba ni wimbo wa kale, na Bwana Mowat yuko sahihi kwamba kuna uongo ndani yake. Miaka kumi na minane nimewafundisha watu ishirini kumwimba vibaya mwanamke aliyekuja, na yeye akiwa miongoni mwao, akishika noti yake barabara. Sasa umo katika kila nyumba yenye kinanda na binti.

Tangu juzi najaribu kutunga ubeti mmoja wa kusema kwamba alifika. Sikuombi uuchonge popote. Nataka tu uwepo. Mizani nane zinakuja zenyewe. Sita hazitaki.

Mjomba wako,
Dand Haswell